Muuguzi aliye karibu na kitanda

Tunapompeleka mgonjwa mahututi hospitalini, swali letu la kwanza ni: "Daktari yuko?" Lakini usiku kucha anayekaa karibu na kitanda ni muuguzi. Moyo ukianza kwenda vibaya, yeye ndiye wa kwanza kuona.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Ugonjwa unaweza kuuharakisha, kuuchelewesha au kuuvuruga kabisa. Wagonjwa wawili wanaweza kufanana: wamezimia, hawapumui, mshipa haupigi. Wote wanahitaji kukandamizwa kifua mara moja, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Lakini moyo wa mmoja unatetemeka bila kusukuma damu. Huyo mshtuko wa umeme unaweza kumwokoa. Moyo wa mwingine umenyamaza, na mashine inaonyesha mstari ulionyooka. Huyo mshtuko haumsaidii, anahitaji adrenalini na chanzo kitafutwe. Muuguzi asiyejua tofauti hiyo atapoteza dakika, na dakika chache bila damu huharibu ubongo.

Zamani, hata katika nchi tajiri, muuguzi alipaswa kumngoja daktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Presbyterian Hospital ya Philadelphia, Marekani, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo walianza kufundisha wauguzi kusoma mistari ya moyo na kutoa mshtuko wao wenyewe.

Kwetu mashariki ya Kongo, ujuzi huo unahusu magonjwa tunayoyajua. Kuharisha kwa kipindupindu huondoa potasiamu mwilini. Figo zikishindwa kazi, potasiamu huzidi. Kwinini ikiingizwa haraka katika mshipa ni hatari. Yote hayo huvuruga mapigo ya moyo.

Muuguzi mwenye ujuzi humtazama mgonjwa kwanza, kisha mashine. Waya ikilegea, mashine inaweza kuchora mistari ya kutisha wakati mgonjwa anaongea na mama yake.

Makanisa yetu yana hospitali, na washiriki huchangia vifaa. Ni vema. Lakini tunaponunua mashine, tuulize pia: nani atafundishwa kuisoma, na mafunzo yatarudiwa lini? Ujuzi usiotumika husahaulika, na moyo haungoji.