Mali bila Daftari: Sungura wa Uzi na Vazi Lake



Mtu wa shamba afikapo Dar es Salaam hakosi kupelekwa Kariakoo. Jina hilo latokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji wakalitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo mpaka leo. Katika Mtaa wa Uhuru utaona kanga na vitenge, katika Mtaa wa Kongo nguo za kila aina zimetandazwa hata njia haipitiki. Na kati ya vitu hivyo vyote utaona wanasesere na wanyama wa plastiki kutoka China, wekundu na manjano, wakimwita kila mtoto apitaye. Mama hununua ili kilio kiishe. Baada ya mwezi mguu wa farasi umekatika, wala hakuna fundi wa kuurudisha.

Lakini yuko mnyama mwingine wa kuchezea, ambaye mguu wake ukilegea mama huchukua sindano akaushona. Ni mnyama wa uzi, aliyefumwa kwa mkono, tena amevikwa nguo zake mwenyewe: sungura mwenye kanzu, tembo mwenye kanga, paka aliyevaa sare ya shule. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi hiyo, na hasa juu ya sehemu yake moja ambayo wengi hawaitilii maanani, nayo ni kubuni na kuandika kielelezo.

KIELELEZO NI NINI?

Wengi wenu mlifundishwa kufuma shuleni, au na masista, au na mama zenu kwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Mwajua kutengeneza sweta la mtoto na kofia yake. Kielelezo ni yale maandishi yanayomwambia mfumaji aanze na vitanzi vingapi, aongeze wapi, apunguze wapi, amalizie vipi. Mwenye kufuata kielelezo cha mwingine ni fundi, na ufundi ni jambo la heshima. Mwenye kukibuni ni fundi pia, lakini ana mali ya pili. Sungura mmoja huuzwa mara moja tu, akaenda zake. Kielelezo chake huuzwa kwa watu mia, nacho kingali nyumbani.

Tena vielelezo vingi vilivyoko duniani vimeandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za ng'ambo, kwa vifupisho vya herufi mbili tatu ambavyo hata msomi huvikunjia uso. Mama wa kijijini mwenye mikono hodari hukwama kwa sababu ya karatasi, si kwa sababu ya sindano. Vielelezo vya Kiswahili safi vyahitajika, na wa kuviandika ni ninyi.

WALIOTUTANGULIA

Katika mji wa Giengen, Ujerumani, alizaliwa mwaka 1847 msichana aitwaye Margarete Steiff. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alipata ugonjwa wa kupooza, asiweze kutembea tena, na mkono wake wa kuume ukawa dhaifu. Hata hivyo alijifunza kushona. Mwaka 1879 aliona katika gazeti la akina mama kielelezo cha tembo mdogo wa kitambaa, na mwaka uliofuata akatengeneza tembo kama huyo wa kuchomekea pini za kushonea. Watoto walipomwona hawakujali pini. Walimchukua wakacheza naye. Toka kwa tembo huyo ilikua kazi kubwa ya wanyama wa kuchezea ambayo ingali ikiendelea hata leo, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1909. Angalieni basi: yote yalianza na karatasi moja ya kielelezo gazetini.

Huko Uingereza naye Beatrix Potter alitoa mwaka 1902 kitabu cha sungura Peter, mwenye koti dogo la buluu. Mwaka uliofuata alimshona sungura huyo kwa mkono wake, kisha akamwandikisha serikalini kabla wengine hawajamwiga. Kwa nini sungura yule apendwe kuliko sungura wengine? Kwa sababu ya koti. Mnyama akivaa nguo huwa mtu, huwa na jina, na mtoto huanza kumsimulia mambo. Sisi twalijua hilo tangu zamani, maana Sungura wa hadithi zetu husema, hudanganya, huoa na kulima kama jirani yetu yeyote.

Na si lazima tuende Ulaya. Huko Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, kazi iitwayo Kenana Knitters ilianzishwa mwaka 1998 na Bibi Patricia Nightingale, ili wanawake wa vijijini wapate fedha kwa ujuzi walio nao. Husokota sufu ya kondoo kwa mkono, huitia rangi za mimea, na kufuma wanyama wa kuchezea ambao wameuzwa hata ng'ambo. Kila mnyama hubeba kijikaratasi chenye jina la mwanamke aliyemfuma. Mfikiri: simba wa mama mmoja awezaje kulingana na simba wa mama mwingine aliye kijiji cha pili? Hapana njia ila wote wafuate kipimo kimoja.

PIMA KABLA YA KUFUMA

Njoro kuna baridi na kondoo. Pwani yetu ina joto, na uzi wa pamba watufaa zaidi, maana wafulika na hauwashi ngozi ya mtoto. Chagua uzi usiochuja rangi. Ndani jaza sufi ya mti wa msufi, au pamba safi, au mabaki ya nyuzi yaliyokatwakatwa. Tumia sindano nyembamba kuliko zile za sweta, ili vitanzi vikazane na kilichomo ndani kisichungulie.

Kwanza fuma kipande cha mraba, kipana kuliko sentimita 10. Kitandaze mezani, weka rula katikati, hesabu vitanzi. Tuseme umepata 25 katika sentimita 10. Basi kila sentimita ni vitanzi viwili na nusu. Ukitaka tumbo la sungura liwe na mzunguko wa sentimita 16, utahitaji vitanzi 40. Hesabu hii ndogo ndiyo mlango wa kubuni. Asiyeipita atabaki kuiga.

Anza na vitanzi 10. Zidisha mpaka 20, kisha 30, kisha 40, ukifuma mstari mmoja bila kuongeza kila baada ya mstari wa kuongeza. Fuma tumbo kadiri upendavyo urefu. Kufunga kichwani, fuma vitanzi 6 na kuunganisha 2 pamoja, mara tano: vitabaki 35. Mstari wa kupunguza unaofuata fuma 5 na kuunganisha 2, mara tano: vitabaki 30. Endelea hivyo hivyo, kila mara ukipungukiwa na vitano, hata vibaki 10. Pitisha uzi ndani yake, vuta, kaza. Shona ubavu, ukiacha nafasi ya kujazia. Ukiisha kujaza, funga nafasi hiyo na kupitisha uzi shingoni na kuuvuta kidogo. Kichwa kitajitenga na mwili. Masikio, mikono na miguu hufumwa mbali kisha hushonewa.

Ukipata sungura mzuri umekwisha pata na wengine. Fupisha masikio, umepata paka. Yafanye mapana yaning'inie na kuongeza mkonga, umepata tembo. Mwili ni ule ule, na kanzu moja yawatosha wote. Mtoto atabadilisha nguo, na mnunuzi atarudi kutafuta nguo nyingine.

VAZI LIPITE KICHWANI

Hapa ndipo wengi hushindwa. Usipime mwili ukiwa mtupu, maana ukijazwa hutanuka. Tumbo la vitanzi 40 laweza kufika sentimita 18. Ongeza sentimita 2 za nafasi, ziwe 20, yaani vitanzi 50, na 2 zaidi vya mshono. Tena kumbuka kwamba kichwa cha mnyama wa kuchezea ni kikubwa kuliko bega lake, na masikio yamesimama. Nguo ya kuvalia kichwani haitapita. Iache wazi mgongoni, au ifanye ya kuvaliwa toka miguuni. Na mkia usisahauliwe: uachie tundu.

Mavazi yatoke kwetu. Kanzu na kofia ya mwambao, kanga kiunoni, gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza na shela yake, sare ya shule. Vipande vya kitenge hubaki kwa mafundi cherehani, waweza kuviomba. Ila mavazi matakatifu ya padre tuyaache altareni; si mchezo wa kumvika nyani.

Na jambo la kushikwa kuliko yote: mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani. Macho yadariziwe kwa uzi. Usishone vifungo wala shanga. Nyuzi za kufungia nguo ziwe fupi. Vuta kila kiungo kwa nguvu kabla ya kumpa mtoto. Kama chang'oka mkononi mwako, kitang'oka na kinywani mwake.

ANDIKA, KISHA MPE JIRANI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tunao bibi aliyefuma vitambaa vya ajabu, naye alipozikwa ujuzi ukazikwa pamoja naye. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilishika moto, na wafanyabiashara wakapoteza bidhaa zao usiku mmoja. Bidhaa huungua. Kielelezo kilichoandikwa, na nakala yake ikawekwa nyumba ya pili, chaweza kukuanzisha upya kesho yake.

Nunua basi daftari la shule. Andika aina ya uzi, unene wa sindano, idadi ya vitanzi katika sentimita 10, na mwisho wa kila mstari wa kuongeza au kupunguza andika jumla ya vitanzi vilivyobaki. Chora umbo la kila kipande. Tia jina lako na tarehe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yalinda maandishi na michoro ya mtungaji, nawe huna budi kuweza kuonyesha kwamba kazi ni yako. Kwa sababu hiyo hiyo usiuze kielelezo cha mwingine kwa jina lako. Amri ya Saba haikuacha nje sindano na uzi.

Kisha mpe jirani daftari bila kumwonyesha sungura. Akitoa sungura kama wako, kielelezo ni kizima. Akikwama mstari wa ishirini, usimcheke. Sahihisha mstari wa ishirini. Wanawake wa WAWATA na wa jumuiya ndogo ndogo mnazo tayari siku zenu za kukutana. Mmoja abuni, wa pili ajaribu, wa tatu mwenye mwandiko mzuri anakili. Binti aliyemaliza shule akae nanyi, apige hesabu ya vitanzi. Ada ya shule haitatoka yote kwa sungura mmoja, lakini haba na haba hujaza kibaba, na mikono iliyofuma kwa kipimo haitashindwa kufuma tena.