Fahamu: Usalama wa ndege huanzia jaani

Tarehe 15 Septemba 1988, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines ilivamia kundi la njiwa ikipaa kutoka Bahir Dar. Injini zote mbili ziliharibika. Kati ya watu 104 waliokuwamo, 35 walifariki. Wengi huona dawa ni bunduki, fataki na vipaza sauti. Zana hizo zina kazi yake, lakini njiwa, mwewe na korongo hufuata chakula na maji. Ukiwafukuza asubuhi huku jaa likiwa wazi ng'ambo ya ua wa uwanja wa ndege, jioni watarudi.

Wapo wanaosema kuwaua kunatosha. New York ilijaribu baada ya ndege ya US Airways kugonga mabata bukini na kutua mtoni Hudson Januari 2009: mabata bukini wengi wa jiji waliuawa. Ila uchunguzi wa manyoya uliofanywa na Smithsonian ulionyesha kuwa waliogongwa siku ile walikuwa wahamaji kutoka Kanada. Pingamizi zito zaidi dhidi ya kudhibiti majalala ni kwamba uwanja hauna mamlaka juu ya taka za jiji. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo letu. Mwongozo wa kimataifa unashauri majalala yawe umbali wa kilomita 13 au zaidi kutoka uwanjani; nani atausimamia, ikiwa meneja wa uwanja haketi kwenye kikao kinachogawa ardhi? Kaunti na manispaa zinapaswa kumpa kiti, na idhini ya jaa, machinjio au bwawa jipya isitolewe kabla hajasikilizwa.