Homa Haijashuka: Je, Dawa Imeshindwa?

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, UNAPUNGUA)

MTANGAZAJI: Wiki iliyopita jirani yangu alinikuta bombani. Mwanawe alikuwa amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Akaniuliza: "Mdogo wangu, leo siku ya tatu wanamchoma sindano na mwili bado unachemka. Si bora nimtoe?"

Nilimwambia asimtoe. Sikilizeni sababu.

Ugonjwa huu ukiletwa na bakteria, utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo huvimba. Dawa ya sindano kama seftriaksoni huanza kuua bakteria mapema, lakini uvimbe hauishi siku hiyo hiyo. Ni kama jiko la kuni: moto umezimwa, majivu bado yanaunguza. Ndiyo maana homa inaweza kuendelea siku 4, 5 hata 6, huku dawa inafanya kazi.

Muuguzi haangalii homa peke yake. Anaangalia kama mtoto anaamka, ananyonya au anakula, anakutambua, na kama degedege imekoma.

Lakini homa ikipita wiki moja, au ikishuka kisha ikarudi, sababu lazima itafutwe. Huenda pale sindano ilipowekwa pamevimba. Huenda ni nimonia au malaria. Huenda maji au usaha umejikusanya kichwani.

Mwite muuguzi mara moja, hata usiku, ukiona haya:
– degedege;
– usingizi ambao mtoto haamshiki;
– kutapika sana;
– utosi wa mtoto mchanga kuvimba.

Usimpe kwa siri parasetamoli ya dukani juu ya ile ya wodini. Ikizidi, huharibu ini.

Na homa ikishuka mapema, msikimbilie nyumbani. Sindano huchukua siku 7 hadi 14 kulingana na bakteria, na kwa watoto wachanga hata 21. Ukikatiza, ugonjwa unaweza kurudi. Mkiruhusiwa, ombeni mtoto apimwe masikio, kwa sababu ugonjwa huu huweza kuacha uziwi.

Jirani yangu alibaki wodini. Siku ya sita homa ilishuka, na mtoto akaomba uji. Sindano bado anaendelea nazo.

Mwambie na jirani yako.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)