Tusiusingizie wanga vitambi vyetu

Neno wanga lina mambo katika Kiswahili. Kwanza, kuna Wawanga wa Mumias, watu wa Nabongo, ambao hawamo katika makala haya. Pili, wanga ni wachawi, wale wanaosemekana kuzunguka usiku wa manane wakiwangia watu. Tatu, wanga ni kile kirutubishi kinachopatikana kwa wingi katika mahindi, mchele, viazi, mihogo na ndizi. Sisi wanaisimu tuna jina la maneno ya namna hii, yaliyofanana kwa umbo na kuachana kwa maana: tunayaita homonimu. Lakini ukiyasikiliza mazungumzo ya watu wa mijini siku hizi, utadhani maana ya pili na ya tatu zimekuwa kitu kimoja, na kwamba wanga wa chakula ndio mchawi aliyeturoga tukaota vitambi.

Mtu akitaka kupunguza uzito, neno la kwanza analoambiwa ni, "Acha ugali." Akishauacha, huelekezwa kwenye nyama, mayai na siagi, vitu ambavyo mshahara wa Mkenya wa kawaida hauwezi kuvimudu hata kwa wiki mbili. Hoja yangu ni kwamba shutuma hii dhidi ya wanga haina msingi. Mtu anaweza kupungua huku akila viazi, githeri na ugali hadi ashibe, mradi vyakula hivyo viwe havijakobolewa wala kukaangwa, na viandamane na kunde na mboga.

Chuki dhidi ya wanga si jambo jipya wala haikuzaliwa kwetu. Mnamo 1863, William Banting, aliyekuwa mtayarishaji wa mazishi jijini London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Kijitabu hicho kilivuma hata jina lake likageuka kitenzi: hadi leo Waswidi husema 'banta' wakiwa na maana ya kula kwa kujinyima ili kupungua. Mnamo 1972, daktari Mmarekani Robert Atkins aliifufua hoja hiyo kwa kitabu chake, na wengi wanaotushauri leo wanafuata nyayo za hao wawili, wajue wasijue.

Je, lugha yetu yenyewe inasemaje? Kiswahili hutenganisha chakula na kitoweo. Chakula ni ugali, wali, ndizi au muhogo. Kitoweo ni kile cha kutowelea, yaani kuteremshia chakula, kiwe maharagwe, mchicha au samaki. Katika nyumba nyingi za Kenya, mtu aliyekunywa chai kwa mkate na kula kipande cha nyama bado atasema hajala, maadamu ugali haujafika mezani. Msamiati huu umehifadhi kipimo cha wazee wetu: wanga mwingi, kitoweo kidogo. Chakula cha mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja huitwa githeri na Wakikuyu, isyo na Wakamba, nyoyo na Wajaluo, pure na Waswahili, na kande na ndugu zetu wa Tanzania. Chakula chenye majina mengi kiasi hicho hakikuwa mgeni wa siku moja.

Hapana shaka wazee hao pia walilima kwa jembe, walitembea kwa miguu, na mara nyingine walipatwa na njaa. Hata hivyo, ushahidi wa madaktari walioishi nao unastahili kusikizwa. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka thelathini kuanzia 1929, na Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji nchini Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Wote wawili walishangazwa na jinsi unene, kisukari na maradhi ya moyo, ambayo yalikuwa ya kawaida kwao Uingereza, yalivyokuwa adimu miongoni mwa Waafrika wa mashambani waliokula nafaka, ndizi na kunde. Baadaye walieleza kwamba tofauti kubwa ilikuwa nyuzinyuzi, yale makapi ya chakula ambayo viwanda huyaondoa ili unga uwe mweupe.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Watanzania wana maneno mawili ya unga wa mahindi: dona, ambao haukukobolewa, na sembe, uliokobolewa. Sisi Wakenya aghalabu husema 'unga' tu, kana kwamba ule wa posho na ule mweupe wa dukani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Unga mweupe umeondolewa pumba pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini.

Kisha kuna mafuta ya kupikia. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ilhali gramu moja ya wanga ina nne. Gramu mia moja za viazi vilivyochemshwa zina takriban kalori tisini. Vikate viazi hivyo, uvikaange viwe vibanzi, na gramu mia moja hukaribia kalori mia tatu. Kiazi ni kilekile. Kilichozidi ni mafuta yaliyoingia na maji yaliyotoka. Vivyo hivyo kwa chapati, mandazi na sukuma wiki inayoogelea katika karai: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta huongeza kalori zipatazo mia moja na ishirini, wala tumbo halina habari. Tunakula vibanzi, tunanenepa, kisha tunakilaumu kiazi.

Ukweli ni kwamba kiazi cha kuchemsha ni miongoni mwa vyakula vinavyoshibisha mno. Mnamo 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa. Viazi vilivyochemshwa viliibuka vya kwanza, vikishibisha zaidi ya mara tatu kuliko mkate mweupe.

Tafiti za karibuni zimeendelea kuunga mkono hoja hii. Katika mji wa Gisborne, New Zealand, madaktari waliwagawa watu 65 wenye uzito uliozidi katika makundi mawili, wakachapisha matokeo mnamo 2017. Kundi moja lilifundishwa kula mimea isiyokobolewa, yenye wanga mwingi na mafuta machache, likaruhusiwa kula hadi kushiba na bila kulazimishwa kufanya mazoezi. Baada ya miezi sita wanakundi hao walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 12.1, na baada ya mwaka bado walikuwa chini kwa kilo 11.5. Nchini Marekani, Kevin Hall na wenzake walichapisha mnamo 2021 utafiti wa watu 20 waliokula chakula cha mimea chenye mafuta machache kwa wiki mbili, na chakula cha nyama chenye wanga mdogo sana kwa wiki mbili nyingine. Uzito ulipungua kwa vyakula vyote viwili, lakini walipokula mimea walijikuta wakila takriban kalori mia saba pungufu kwa siku, bila kulalamika njaa. Kwa hivyo sisemi kwamba wanaoacha wanga hawapungui. Nasema kwamba si lazima kuuacha.

Msomaji aliyebobea katika historia anaweza kunipinga. Mnamo 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi uliowalinganisha Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, viazi na kunde. Wamaasai walionekana kuwa warefu zaidi, wazito zaidi na wenye nguvu zaidi. Je, huo si ushahidi kwamba chakula cha wanga ni duni? Nitajibu kwa mambo mawili. Mosi, Wakikuyu wengi wa wakati huo walikuwa wamekwisha kupokonywa ardhi na kubanwa katika maeneo finyu, na mtu hawezi kupima ubora wa chakula kwa kumtazama aliyenyimwa shamba la kukilimia. Pili, kuukuza mwili wa mtoto ni shughuli moja, na kuupunguza mwili wa mtu mzima aliyezidisha uzito ni shughuli nyingine kabisa. Anayekua huhitaji kuongezewa. Sisi wenye vitambi tumeongezewa vya kutosha.

Mimi nimo katika miaka ya arobaini na kazi yangu ni ya kukaa: kusoma, kufundisha na kusahihisha tasnifu. Marehemu baba yangu aliugua kisukari hadi akakatwa mguu. Miaka mitatu iliyopita daktari alinipima, akakuta nina kilo 96 na shinikizo la damu limeanza kupanda. Kwa ushauri wake nilianza kula hivi: asubuhi uji wa wimbi usio na sukari, au nduma na viazi vitamu, mchana githeri, jioni ugali wa unga wa posho kwa ndengu na managu au kunde zilizopikwa kwa nyanya, vitunguu na maji badala ya mafuta. Sikupima chakula kwa mizani wala sikulala njaa. Katika muda wa miezi kumi nilipungua kilo 15. Kisa cha mtu mmoja si sayansi, ndiyo maana nimezitanguliza tafiti.

Kilichonishughulisha zaidi, kwa sababu ya taaluma yangu, ni maneno ya watu. Wenzangu kazini waliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unaumwa?" Mama yangu alinishika mkono akasema, "Mwanangu, umekonda hivi, una nini?" Kiswahili kina maneno matamu ya kumsifu aliyenenepa: amenawiri, amenona, ana afya. Kukonda, kwa upande mwingine, huandamana na ugonjwa, ufukara na mawazo. Ukimwi uliizidishia dhana hiyo hofu. Katika miaka ya themanini ugonjwa huo uliitwa Slim nchini Uganda, yaani wembamba. Si ajabu, basi, kwamba mtu huona afadhali abaki na kitambi kuliko aonekane anakufa. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na hali haijawa nafuu tangu hapo. Taifa linaloita unene afya litachelewa kuutibu. Mimi nilimjibu mama kwamba sikukonda, nimepungua. Alicheka, lakini aliielewa tofauti.

Yapo mambo ya kuangaliwa. Anayeacha kabisa nyama, maziwa na mayai hana budi kutumia vitamini B12 ya dukani, kwani mimea haiwezi kutegemewa kuitoa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asibadilishe chakula kabla ya kumwona daktari, maana sukari yake yaweza kushuka ghafla. Mgonjwa wa figo naye aulize kwanza kuhusu viazi na maharagwe. Watoto na mama wajawazito wasiingizwe katika mipango ya kupunguza uzito.

Zaidi ya hayo, jambo hili si la mtu mmoja mmoja pekee. Mikahawa ya vyuo vyetu huuza vibanzi kila siku, ilhali nduma huonekana kwa nadra. Wanaopanga vyakula vya shule, hospitali na vyuo wanaweza kuanza na hatua ndogo: unga usiokobolewa, mafuta nusu ya yale ya leo, na sufuria ya viazi vitamu kando ya ile ya mandazi. Hatua hizo hazihitaji mfadhili kutoka ng'ambo, na mkulima wa Kakamega au Makueni atapata soko.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni githeri, wimbi, muhogo na mboga za kienyeji, vitu ambavyo bado vipo sokoni na bei yake haijawashinda walio wengi. Kabla hujauweka ugali kando, msomaji, tazama kwanza unga umekobolewaje, na mafuta kiasi gani yameingia katika kitoweo chake.