Lenzi Laini na Macho Makavu ya Jioni

Vilima vya Pugu, kusini-magharibi ya Dar es Salaam, vinajulikana kwa udongo wao mweupe wa kaolini. Mkazi wa huko avaaye lenzi laini machoni, macho yakimkauka na kumwasha ifikapo jioni, ni rahisi alaumu vumbi. Lawama hiyo ina haki kidogo tu. Lenzi laini, yenye upana wa milimita 14 hivi, huifunika konea nzima, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, hata ikavuka ukingo wake; vumbi halipati mwanya rahisi chini yake. Lenzi ngumu, iliyo ndogo kuliko konea, ndiyo iingizayo mchanga.

Chanzo hasa kimo katika machozi. Uso wa jicho umefunikwa na utando wa machozi ambao unene wake ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita: ndani ute na maji, juu kabisa mafuta yazuiayo maji kukauka upesi. Unene wa lenzi huuzidi utando huo zaidi ya mara kumi. Lenzi ikikaa humo huugawa, mafuta hayatandi sawasawa, na ukingo wa kope, wenye hisi kali, husugua lenzi kavu kila mtu apepesapo macho. Asomaye usiku hujiongezea taabu: badala ya kupepesa mara 15 hivi kwa dakika, huenda asifikishe hata nusu yake.

Konea haina mishipa ya damu. Huipata oksijeni kutoka hewani kwa njia ya machozi. Plastiki ya lenzi laini alizotengeneza Otto Wichterle nyumbani kwake Chekoslovakia mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto, iliipitisha oksijeni kwa shida. Lenzi zenye silikoni, zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, huipitisha kwa wingi. Hata hivyo ukavu wa jioni haukwisha, maana utando wa machozi bado hugawanywa vilevile.

Hatari huja pale mvaaji aliyechoshwa na muwasho anapoisuuza lenzi kwa maji ya bomba au ya kisima. Maji hayo huweza kuwa na akanthamiba, kidudu cha seli moja kishambuliacho konea na kuweza kupofusha. Lenzi iwashayo hutolewa, kwa mikono iliyonawiwa na kukaushwa, ikasafishwa kwa dawa yake pekee. Jicho likibaki jekundu na kuuma baada ya hapo, mgonjwa aende hospitali siku ileile, na lenzi yake aichukue ikapimwe.