Jinsi bampa za sponji zinavyookoa roboti za wanafunzi

WANAFUNZI wanaoshiriki mashindano ya FIRST Robotics Competition nchini Marekani hujivunia mota na mikono ya roboti zao. Hata hivyo, roboti hairuhusiwi kuingia uwanjani mpaka mkaguzi aridhike na kifaa kinachoonekana duni kuliko vyote: bampa ya mbao na sponji.

Mashindano hayo, yaliyoasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen, yalianza mwaka wa 1992 katika jimbo la New Hampshire. Siku hizi roboti tatu za upande mwekundu hupambana na tatu za upande wa buluu kwa muda usiofika dakika tatu. Kila mojawapo huweza kuwa na uzani wa kilo 50 au zaidi, na kugongana hakuepukiki.

Hapo ndipo bampa inapofanya kazi yake. Nguvu ya mgongano hutegemea umbali ambao chombo husafiri kabla ya kusimama. Chuma kikigonga chuma, umbali huo huenda ukawa nusu sentimita tu. Sponji ikibonyea sentimita tano, nguvu hupungua hadi sehemu moja ya kumi. Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo fremu itapinda au waya wa betri utang'oka, na kazi ya majuma mengi kupotea kwa sekunde moja.

Hadi mwaka wa 2007, timu ilikuwa na hiari ya kufunga bampa. Zilifanywa kuwa za lazima mwaka wa 2008. Kwa misimu mingi zimeundwa kwa plaiwudi yenye unene wa robo tatu ya inchi, mbele yake yakipangwa maboya mawili marefu ya sponji, yale ya kuchezea watoto kwenye vidimbwi vya kuogelea, kisha kuvikwa kitambaa kigumu. Ni vifaa vya bei nafuu mno vikilinganishwa na mota vinazozilinda.

Kanuni huweka pia kimo cha bampa kutoka sakafuni, ili bampa ikutane na bampa. Bila hivyo, roboti yenye ukingo wa mteremko ingepenya chini ya nyingine na kuipindua.

Lakini kifungu cha busara zaidi, kwa maoni yetu, ni kile kinachotenga uzani wa bampa na ule wa roboti. Kama ungejumlishwa, ni mwanafunzi yupi asiyeshawishika kupunguza sponji ili aongeze mota?

Kitambaa nacho huwa chekundu au buluu, kikiwa na nambari ya timu, hivyo waamuzi hutambua pande kwa mbali. Timu hubadilisha rangi kati ya mechi, aghalabu kwa haraka, na skrubu isiyokazwa vizuri huwa ghali: kipande cha bampa kikidondoka mchezoni, roboti huzimwa, na wenzake wawili huachwa wakipambana na watatu.