Dago la Mto Ugalla

Mvua zinapokoma katika nchi ya Unyamwezi, Mto Ugalla huanza kujikunja. Mbuga zilizofurika hukauka, mkondo hukatika, na kiangazi kinapofikia kilele chake mto hubaki kuwa mfululizo wa madimbwi marefu ambamo samaki, viboko na mamba hubanana pamoja. Huo ndio msimu ambao wavuvi wa Tabora, Sikonge na Urambo, kizazi baada ya kizazi, walizoea kufunga mizigo yao na kuelekea porini kwa safari ya majuma kadhaa. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo. Wao huiita dago.

Kinachofuatwa huko ni perege, kambare, na kibebe, yule samaki mwenye meno makali kama msumeno. Samaki hubanikwa kwa moshi kambini, kisha huletwa mjini vikiwa vikavu vikavu, kitoweo cha watu walio mbali na bahari na mbali na maziwa makuu.

Kwa miaka mingi Ugalla ilikuwa pori la akiba, na desturi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Wavuvi na warina asali waliruhusiwa kuingia kwa kibali kuanzia Julai hadi Desemba, kisha pori likafungwa. Mwaka 2019 pori hilo lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Sheria ya hifadhi ya taifa ni kali zaidi juu ya kuingia, kukaa na kutoa chochote. Basi swali la mvuvi wa kiangazi limekuwa swali la dola, wala si la kijiji peke yake.

Tuseme kweli kwa pande zote mbili. Dimbwi la kiangazi ni ghala na pia ni kitalu. Samaki wanaosalimika humo ndio watakaotawanyika mbugani na kuzaa mvua zitakaporudi. Anayekomba dimbwi lote mwezi wa Oktoba amekula mbegu ya mwaka ujao. Na maji hayo hayaishii Ugalla: huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Bonde la Malagarasi na Moyowosi ndilo lililokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 2000. Mlinzi wa hifadhi anayehofia nyavu ana sababu.

Lakini kulinda si lazima kuwe kufukuza. Visiwa vyetu vimekwisha kutoa mfano. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, wenyeji hawakuondolewa. Bahari iligawanywa kwa kanda: mahali pasipovuliwa kabisa, mahali pa kuvua kwa masharti, na mahali pa matumizi ya kawaida. Na katika Ziwa Victoria, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo humpokea mgeni anayetaka kuvua sangara kwa ndoana, akiwa amelipa na kufuata kanuni. Ikiwa ndoana ya mgeni hupata kibali, ndoana ya Mnyamwezi nayo yastahili kufikiriwa.

Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita Tabora kisha ikavuka Malagarasi. Mwaka 1871 Stanley alipofika kwenye kivuko hicho alilazimika kutoa hongo kabla ya kuvushwa. Siku hizo neno hilo halikuwa na aibu: lilikuwa ushuru wa njia, uliodaiwa waziwazi na wenye nchi. Leo maana yake imegeuka, na sababu ya kugeuka kwake ni fundisho. Ushuru wa wazi ukikosekana, hongo ya gizani hushika nafasi yake. Mvuvi asiye na mlango wa halali huingia usiku, na aingiaye usiku hachagui ukubwa wa matundu ya wavu wake.

Kwa hiyo twawaomba wahusika wa hifadhi, wa uvuvi na wa halmashauri za Tabora wakae meza moja na wavuvi wenyewe. Yatajwe madimbwi yasiyoguswa kabisa, na yale yatakayovuliwa kwa miezi maalumu. Yatajwe matundu ya nyavu, idadi ya watu wa kila kambi, na ada yenye stakabadhi. Na wavuvi nao wawajibike kuwafichua wenzao wanaokomba.

Haya yaamuliwe mvua zikingali zinanyesha. Mto ukishakauka, kila mtu huwa na haraka, na haraka haijapata kuwa mshauri mwema wa samaki wala wa serikali.